Tundu la sindano kwenye jani kavu

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Toka nje, okota jani kavu la mkungu, au la mwembe, au lolote lililo karibu na mlango wako. Tafuta sindano na uzi. Shona mishono mitano tu kwa mstari ulionyooka, kisha rudi hapa. Nakusubiri.

Kama umefanya kweli, nadhani jani lako sasa lina ufa uliotoka tundu la pili hadi la tatu, na umesonya. Usijali, na mimi nilisonya. Kwa ajili ya makala hii nimeharibu majani mengi kuliko niliyoharibu katika miaka miwili yote ya shahada ya uzamili, na kazi yangu ya kila siku ni majani makavu.

Nimekuanzishia hivyo kwa sababu nataka tuzungumzie sanaa ambayo ni rahisi kuisifia na ngumu kidogo kuihukumu: kushona, kudarizi na kufuma nyuzi kwenye majani yaliyokauka. Bila shaka umeshaletewa picha zake kwenye simu. Jani la kahawia, katikati lina duara la ufumi mweupe kama kitambaa cha kochi, na kila anayeiona anasema maneno yale yale. Subira gani hii! Jani dhaifu namna hiyo, amewezaje?

Sina ugomvi na subira. Ninachokataa ni kuifanya subira, pamoja na udhaifu wa jani, kuwa ndiyo kipimo cha kazi. Mtu anayejenga nyumba kwa karata naye ana subira. Kama tunachosifia ni kwamba jani lingeweza kuvunjika na halikuvunjika, basi tunatazama sarakasi, na siku tukizoea tutamtaka msanii ahamie kwenye jani dhaifu zaidi. Mimi naona kipimo kipo kwingine, na kinaonekana kwa macho hata kwenye picha: tazama matundu yamewekwa wapi. Lakini ili uyasome matundu, inabidi kwanza tulielewe jani.

Jani bichi linasimama kwa maji. Kila seli imejaa maji yanayosukuma kuta zake, kama tairi lenye upepo. Ndiyo maana mchicha ukikaa juani sokoni hulegea. Tairi zimeisha upepo. Jani lililokauka kabisa, lakini, halilegei. Linakakamaa. Kuta za seli zimeundwa kwa nyuzi ndogo sana za selulosi, na maji kidogo yanayojipenyeza katikati yake hufanya kazi ya kilainishi, kiasi kwamba jani likikunjwa nyuzi zinasogea kidogo. Maji hayo yakitoka, zinashikana na kukatalia hapo. Ukikunja, kinachobaki ni kukatika.

Kwa hiyo jani moja lina tabia mbili, inategemea limelala wapi. Hapa Dar mwezi wa nne, masika yakiwa yameshika, jani kavu la mkungu lililopo mezani kwangu karibu na dirisha hupinda bila kulalamika. Lipeleke likalale kwenye chumba chenye kiyoyozi, asubuhi linakatika kama biskuti. Ni jani lile lile. Unyevunyevu wa hewa tu ndio uliobadilika.

Sasa ongeza sindano. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Gustav Kirsch alipiga hesabu ya bati pana linalovutwa huku na huku, likiwa na tundu dogo la duara. Akapata kwamba pembeni mwa tundu mkazo ni mara tatu ya ule ulioko mbali nalo. Mara tatu! Na ukipunguza tundu hupati nafuu. Mradi bati ni pana sana kuliko tundu, ni mara tatu vilevile. Mwaka 1913 Charles Inglis wa Cambridge akaongeza kwamba tundu likiwa jembamba lenye ncha, mkazo kwenye ncha unapanda zaidi, na kadiri ncha inavyochongoka ndivyo unavyozidi kupanda. Ufa ni tundu la aina hiyo lililofikia mwisho wa wembamba. Ndege mbili za abiria za Comet za Uingereza zilizoanguka mwaka 1954 ziliwafundisha watu somo hilo kwa uchungu, kwa kuwa ufa ulianzia kwenye matundu yaliyokatwa katika bati la kiwiliwili. Ufa wa jani lako, kati ya tundu la pili na la tatu, una hesabu iyo hiyo nyuma yake. Ukipanga matundu karibu karibu kwa mstari umetengeneza ukingo wa stempu, na stempu imetobolewa vile ili ichanike.

Jani lina kinga moja ambayo bati la ndege halina, nayo ni mishipa. Si mapambo. Ni mirija iliyoimarishwa kwa lignini, kitu kile kile kinachoupa mti ugumu wake, na ufa ukifika kwenye mshipa mara nyingi hukwama au hulazimika kupinda. Shika jani la mfenesi uliangalie kwenye mwanga. Utaona wavu: mshipa mkubwa wa kati, matawi, matawi ya matawi, na vijumba vidogo vidogo vilivyofungwa pande zote. Mwaka 2010 wanafizikia walionyesha kwa hesabu kwamba mtandao wa kusafirisha maji unaotarajia kuharibiwa hapa na pale unafaa kuwa na vitanzi vilivyofungwa namna hiyo, ili njia moja ikikatika maji yapite nyingine. Maana yake jani halishangazwi na kutobolewa. Viwavi walianza kazi hiyo zamani kabla ya sindano. Linganisha na jani la ginko, ule mti wa China wenye majani kama kipepeo cha kupepea jiko: mishipa yake inagawanyika mbili mbili kuelekea ukingoni na karibu haiungani tena. Ufa ukianzia ukingoni unashuka kati ya mishipa bila kukutana na kizuizi, kama mtu anayechana ukindu.

Na hapo kwenye ukindu nina habari ya nyumbani.

Shangazi yangu kule Tanga anashona mikeka. Najua kwenye vitabu tunasema mkeka unasukwa, lakini waliokaa karibu na kazi wanajua kwamba kinachosukwa ni ukili, ule utepe mrefu, kisha ukili ndio unashonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie upana. Kushona kwenyewe ni kwa shazia, sindano kubwa. Ukindu ni jani lililokauka, kwa hiyo shangazi ni mshonaji wa majani makavu tangu kabla sijazaliwa, ingawa hakuna aliyewahi kumwita msanii wa nguo za majani. Likizo iliyopita nilikaa naye barazani na daftari langu. Nikagundua kitu ambacho nilikuwa nakiangalia utoto wangu wote bila kukiona: shazia haitoboi jani hata mara moja. Inapita kwenye vitanzi vya ukingo wa ukili, pale mwaa unapogeuka. Nikamuuliza, "Shangazi, mbona hutoboi?" Akanitazama kama nimeuliza mbona hali sufuria. "Nitoboe ili iweje? Utachanika huo." Kisha akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akaulowesha ukindu, akaendelea. Maji yale kwenye bakuli ndiyo kilainishi nilichokuwa nakihangaikia kwa aya nzima hapo juu.

Ukiangalia vizuri, wengi wanaounganisha majani hawatoboi. Maji moto, wale sisimizi wakali wa kwenye miembe na minazi ya pwani, hujenga viota kwa majani mabichi. Vibarua hushikana viuno, huvuta kingo mbili za majani mpaka zikutane, kisha wengine huja wamebeba lava midomoni na kuwapitisha huku na huku juu ya mwanya. Lava wanatoa hariri, na hariri inanata. Hakuna tundu. Mkazo unagawanywa kwenye eneo lote lililonata.

Na sisi watu wa hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa, tunashona pia, jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Sampuli inakandamizwa, inakaushwa, inawekwa kwenye karatasi nene, na kama ina kijiti kigumu kinafungwa kwa uzi unaopita juu ya kijiti na kutobolea kwenye karatasi. Unatoboa karatasi. Jani unaliacha. Hivyo ndivyo sampuli za Linnaeus, aliyefariki mwaka 1778, bado zinasomeka London. Hivyo ndivyo mkusanyo ulioanzia Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950 umeweza kutumika mpaka leo. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kilichotoka vipande vipande kuanzia mwaka 1952 hadi 2012 na kueleza spishi 12,104, kimeandikwa kwa kuchungulia majani ya namna hiyo.

Mimi sheria hiyo niliivunja. Mwaka wa kwanza wa uzamili nilikuwa nabandika sampuli za msitu mdogo wa pwani. Kuna moja jani lake lilikuwa linajiinua, halitaki kulala. Kwa kutaka ukurasa wangu upendeze, nikapitisha uzi kwenye jani lenyewe, mishono miwili, nikavuta. Likapasuka kuanzia mshipa wa kati hadi ukingoni, na kipande chenye ncha ya jani kikavunjika vipande vinne. Tulikuwa na sampuli moja tu ya mmea ule kutoka mahali pale. Niliporudi msimu uliofuata kutafuta nyingine, pale palikuwa shamba la muhogo.

Mzee aliyekuwa fundi wa hebaria, sote tulimwita Babu, hakufoka. Alikunja kibahasha cha karatasi, akaokota vipande vyote kwa koleo, hata chenga, akavitia humo, akakibandika kwenye kona ya ukurasa. "Na hivi navyo ni sampuli, mwanangu," akasema, akaenda zake kunywa chai. Kumbe vibahasha hivyo ni kawaida ya hebaria yoyote duniani. Mimi nilikuwa naviona naviruka.

Kwa hiyo unaelewa kwamba ninapotazama sanaa hii siko huru. Natazama kama mtu aliyepasua. Na swali langu la kwanza kwa kila kazi ni lile alilojibu shangazi kwa kuuliza: nitoboe ili iweje? Kutoboa jani kavu kuna gharama halisi. Kama jani limetobolewa, nataka kuona tundu linafanya kazi gani ambayo isingefanyika bila tundu.

Mtu ambaye kazi zake zinajibu swali hilo vizuri kuliko wote niliowaona ni Susanna Bauer, Mjerumani anayeishi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alisomea usanifu wa mandhari kabla ya kuwa msanii, na naona inaonekana. Nikiri mapema: kazi zake nimeziona kwenye picha tu. Picha hizi hukuza jani la ukubwa wa kiganja mpaka linajaa kioo, na unene wa uzi hupotea. Basi pokea hukumu yangu na chumvi kidogo.

Bauer anatumia sana majani ya magnolia, manene kama ngozi, yenye nta juu na wavu mzito wa mishipa. Tayari hapo amekataa sarakasi. Hakuchagua jani dhaifu kuliko yote, amechagua linaloweza kufanya kazi. Kisha hadarizi. Anafuma kwa ndoano, ufumi ule ule wa vitambaa vya makochi ambao mama zetu waliufanya jioni wakisikiliza redio. Na tofauti ya kudarizi na kufuma hapa ni ya kimakanika kabla ya kuwa ya urembo. Uzi ulionyooka uliopita kwenye matundu mawili, ukiuvuta, unakata jani kama waya unavyokata sabuni. Ufumi ni vitanzi ndani ya vitanzi. Ukivutwa, vitanzi vinabadilika umbo kwanza, vinarefuka upande mmoja na kupungua mwingine, na mvuto unagawanyika kwa majirani kabla haujafika kwenye ukingo wa jani. Ni springi laini sana iliyofungwa kwa matundu mengi, na kila tundu linabeba kidogo.

Kuna kazi zake ambamo katikati ya jani duara limekatwa na kujazwa ufumi. Iangalie tena ukiwa na hesabu za Inglis kichwani. Duara halina pembe, na pembe ndipo ufa unapozaliwa. Ukingo uliokatwa umezungushiwa uzi, kama vile vitundu vya kofia za viua za Zanzibar vinavyozungushiwa uzi ili kitambaa kisifumuke. Ufumi unashikilia jani lisifunguke, na jani linaunyoosha ufumi usisinyae. Ondoa kimoja, kingine kinaharibika. Hapo tundu lina kazi, na mimi nanyamaza.

Ana kazi nyingine ambamo majani yamekatwa na kuunganishwa kuwa maboksi madogo yenye pande sita. Hizi hazinikoshi sana. Ustadi upo, mishono ya pembeni imekaa vizuri mno, lakini ukishalikata jani kuwa mraba umelifanya bati. Mishipa inaishia hewani. Najua wapo watakaosema ndiyo maana yenyewe, asili iliyolazimishwa kuwa boksi, na huenda. Mimi naona mahali hapo jani limepewa kazi ya karatasi.

Hillary Waters Fayle, Mmarekani anayefundisha katika chuo kikuu cha Virginia Commonwealth, ni kesi ngumu zaidi kwangu. Yeye ndiye hasa mdarizi: mapambo ya kijiometria, uwazi uliokatwa na kufungwa kwa nyuzi, majani ya kamelia, majani ya ginko. Pale anapoufanya mshipa wa kati kuwa mhimili, pambo la kushoto likijibu la kulia na kila dirisha likikaa katikati ya matawi mawili ya mishipa, kazi inatulia kiasi kwamba unasahau kuuliza ilifanywaje. Jani lilikuwa na mchoro tayari, na uzi umeufuata na kusema neno lake juu yake. Lakini kuna vipande vingine ambamo pambo ni zuri lenyewe kwa lenyewe, na ungeweza kulihamishia kwenye kitambaa au karatasi bila kupoteza chochote isipokuwa ule mshangao wa "hilo ni jani!". Mshangao huo huisha ukitazama mara ya pili. Uhodari wake siubishii hata kidogo, maana ginko peke yake, kwa mishipa ile isiyoungana, ni mtihani ambao mimi nisingeanza.

Waigaji sitawachosha wala kukuchosha nao. Mioyo, majina ya wapenzi, bendera. Jani hapo ni sahani.

Ila kuna jambo nataka niwagombeze nalo wote, wakubwa na waigaji. Vibahasha vyenu viko wapi? Tunaonyeshwa majani yaliyopona tu. Katika sayansi tunajua hatari ya kuhesabu walionusurika peke yao: unaanza kuamini kwamba mbinu ni salama, au kwamba mkono wa msanii una miujiza. Mimi ningependa kuona maonyesho ambamo pembeni mwa jani moja lililotimia kuna yale yaliyopasuka, yote, na unaona yalipasukia wapi. Ningejifunza zaidi kuhusu mkono wa msanii huko kuliko kwenye picha kumi za ushindi. Mwingereza Andy Goldsworthy, anayeishi Uskochi, alilipatia jibu lake zamani: anaunganisha majani kwa miiba na vijiti vya majani yenyewe, anapiga picha, anaacha upepo na mvua vimalizie. Kuvunjika kumo ndani ya kazi tangu mwanzo. Kinyume chake ni wale wanaolizamisha jani lililoshonwa kwenye resini ngumu. Hapo uzi haubebi chochote tena, resini ndiyo inayobeba, na matundu yote yale yamekuwa picha ya matundu. Na wala hawajaokoa rangi. Mwanga unaendelea kuvunja klorofili na rangi nyekundu humo humo ndani ya kioo. Ndiyo maana sisi tunafungia sampuli kwenye makabati yenye giza. Kahawia ya tanini ndiyo yenye kustahimili zaidi, kwa hiyo anayeanza na jani ambalo tayari ni kahawia, kama Bauer, anaonekana kuelewa jambo ambalo anayekimbilia kijani hajaliona.

Swali linarudi kwangu: je, mtu anayeamini kwamba jani halitobolewi anaweza kuhukumu haki kazi za kutoboa? Nilijaribu. Nilichukua majani ya mfenesi kwa sababu ni manene na wavu wake ni mzuri, nikayakandamiza kati ya magazeti kwa wiki mbili, na mengine nikayaloweka kwenye gliserini na maji, njia ya zamani ya wapambaji maua. Gliserini huingia mahali pa maji na haikauki upesi. Ya gliserini yalishoneka kirahisi hata na mimi. Ila yalikuwa na mafuta mafuta, meusi, na sikuyapenda. Nikarudi kwenye makavu ya kawaida, nikiyawekea kitambaa chenye unyevu juu kwa saa moja kabla ya kushona, kama bakuli la shangazi.

Nilijifunza mambo mawili ambayo picha hazikunifundisha. La kwanza, sindano nyembamba siyo jibu. Nilidhani tundu dogo ndilo salama. Sindano yangu nyembamba kuliko zote ilikuwa na ncha kali yenye kingo, ikawa inachana kidogo badala ya kutoboa, na mchano ni mwanzo wa ufa. Sindano nene kidogo yenye mwili wa mviringo, ikizungushwa taratibu, iliacha tundu safi la duara, na jani likavumilia. La pili lilinishangaza zaidi. Jani moja lilianza kupasuka nikiwa katikati, na kwa hasira nikachoma sindano mwisho kabisa wa ufa. Ufa ukasimama. Nikakumbuka mafundi wa bodi za magari: plastiki ya bampa ikipata ufa, anatoboa tundu la duara mwisho wa ufa kwa drili ndipo aanze kuziba. Ncha kali imegeuzwa kuwa duara, mkazo umeshuka. Kwa hiyo lipo tundu ambalo linaokoa jani, na nilikuwa nimekosea niliposema watu wa hebaria wako sahihi kutotoboa kamwe. Tuko sahihi kwa jani zima. Kwa jani lililokwisha kupasuka, sijui kama Babu angekubali, ila ningemuuliza.

Tangu hapo nikitazama kazi za kuziba mipasuko kwa nyuzi, yaani jani lililokuja na jeraha lake na msanii akalishona hapo hapo, nazitazama kwanza pale mwisho wa ufa. Kama kuna tundu la duara na mshono wa kwanza umeanzia hapo, huyo amewahi kupasua mengi kabla ya hilo. Kama mishono imepangwa tu kwa usawa kama ngazi, kutoka mwanzo hadi mwisho, ufa ukiendelea zaidi ya mshono wa mwisho, basi alichora mshono.

Jani langu la mfenesi lipo dirishani. Mdogo wangu, ambaye kufuma anajua kuliko mimi, alinijazia duara la katikati kwa uzi mweupe wa pamba, matundu ishirini na manne kuzunguka. Nililiacha lipite masika yote na sasa ni kipupwe, kusi inavuma na hewa imekauka. Matundu ishirini na matatu yamesimama vizuri. La ishirini na nne, lile nililotoboa mimi nikiwa na haraka, kati ya mishipa miwili badala ya karibu na mmoja, lina ufa wa milimita nne. Kila asubuhi naupima kwa rula. Kibahasha kipo tayari, nimekibandika kwenye kona ya fremu.